ULIZA NESI: Kinyama kwanza au basi la Dar kwanza?

Mwezi huu nimefungua kapu la maswali nikakuta karibu yote ni ya kansa, alafu karibu yote yametoka kanda ya ziwa, Kahama, Bukoba, Musoma, Bariadi huko. Nikaona bora niyajibu kwa pamoja manake wote mnazunguka humo humo: hospitali ya mkoa inafanya nini, Bugando, ile hospitali ya kanda pale Mwanza, inafanya nini, na lini mtu anatakiwa apande basi la Dar kwenda Ocean Road, taasisi ya taifa ya kansa. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa, msinune.

Shikamoo dada nesi. Mama yetu ana miaka 58, ana uvimbe titi la kushoto toka mwaka jana, alikuwa anaficha mpaka ngozi ikaanza kuwa kama ganda la chungwa ndo akamwambia dada angu. Tumempeleka hospitali wakampiga utrasaundi wakasema inaonekana sio nzuri, mpelekeni Ocean Road. Tumekaa kikao cha ndugu tumechanga nauli na hela ya kula ila mjomba anasema kwanini tusianzie Bugando, na baba mdogo anasema hata mkoani kuna vitu wangeweza kuanza. Tumechanganyikiwa. – Binti wa Kahama

Marahaba mdogo wangu, poleni sana na mama mpe salamu zangu. Hiyo hela ya nauli itunzeni kwanza msiiguse. Nimesoma barua yako mwanzo mwisho natafuta neno moja tu, kinyama, sijaliona. Hivi kuna mtu amemkata mama kinyama, yaani kipande kidogo cha huo uvimbe kikapimwe? Kama hakuna basi baba mdogo yuko sahihi kuliko wote hapo kwenye kikao.

Iko hivi. Utrasaundi inaonyesha kuna uvimbe, uko wapi, una ukubwa gani, umekaa vibaya au la, ila haiwezi kusema kwa uhakika hii ni kansa na ni kansa ya aina gani. Anayesema hivyo ni daktari wa patholojia baada ya kukiangalia kinyama kwenye hadubini. Na hakuna daktari wa kansa mwenye akili zake atakayemwekea mama yako dripu ya kemo, yaani dawa za kuua kansa, kwa karatasi ya utrasaundi peke yake. Sasa watu hawaambiwi hilo, wanashuka zao stendi ya Magufuli pale Mbezi na mabegi, wanalala kwa shemeji Kimara, asubuhi wako foleni Ocean Road, na cha kwanza wanachoambiwa ni nendeni mkakate kinyama msubiri majibu. Hapo wiki zinakatika kwa shemeji, hela ya kula inaisha, na mgonjwa anaanza kusema nirudisheni nyumbani. Kumbe hicho kinyama daktari wa upasuaji wa hospitali ya rufaa ya mkoa angekitoa mapema tu, ni ganzi kidogo na sindano nene, mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo anapika.

Kwaiyo rudini mkoani, muoneni daktari wa upasuaji, sio yule wa OPD, wagonjwa wa nje, aliyewaandikia kwa haraka, mwambieni tunataka kinyama. Na hapo kwenye kinyama kuweni macho kodo kidogo. Kikitoka kinatakiwa kiingie kwenye kichupa chenye formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, na iwe nyingi, mara kumi ya kinyama chenyewe, sio kufunikwa kidogo tu. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu au kikaachwa kwenye glovu mpaka kesho kinaharibika na mama atachomwa upya. Kwenye kichupa waandike jina kamili, umri, tarehe, na kwamba ni titi la KUSHOTO. Ukiona wanaandika kwenye kifuniko waombe kwa adabu waandike na ubavuni, manake vifuniko huwa vinabadilishana. Nisikilize hapo, mi nimekaa maabara miaka, najua ninachosema.

Mikoa mingi haina daktari wa patholojia, kwaiyo kinyama kinasafirishwa kwenda hospitali ya kanda. Ulizeni kinaenda lini, nani anakipeleka, majibu yanarudi kwa njia gani, na mchukue namba ya simu ya mtu wa maabara. Majibu ya kansa ya titi yakitoka yawe na kile kipimo cha homoni, kama kansa inalishwa na homoni au la, manake hicho ndo kinaamua kama mama atakuja kumezeshwa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo mtu anameza nyumbani kwake kila siku kwa miaka kama mitano hivi. Ile karatasi tunzeni orijino na mtoe kopi. Na mjue maabara inabaki na kipande cha kinyama kilichogandishwa kwenye nta, hospitali nyingine ikitaka kurudia kuangalia mnaomba hicho kipande kisafiri, mama hachomwi tena.

Majibu yakisema ni kansa ndo mnaomba rufaa, na kwa mtu wa Kahama rufaa inaenda Bugando, mjomba hajakosea. Pale kuna kemo na kuna mionzi. Kwa jinsi ulivyoelezea hiyo ngozi, mara nyingi wanaanza na kemo ili uvimbe unywee, alafu upasuaji, alafu mionzi, na kemo huwa inapigwa kila baada ya wiki tatu hivi kwa miezi kadhaa. Piga hesabu mwenyewe mara zote hizo Kahama na Mwanza, alafu Kahama na Dar. Ocean Road ni taasisi ya taifa, ina mashine ambazo hospitali nyingi hazina, kama Bugando wataona kuna kitu mama anakihitaji huko watamwandikia wenyewe na mtafika mna faili limeshiba. Mkienda bebeni rufaa, majibu ya kinyama, picha zote za zamani, kadi ya bima kama ipo na kitambulisho cha NIDA. Bima bila karatasi ya rufaa inasumbua sana dirishani.

Kama bima hakuna na hela ndo hiyo ya mchango, kabla ya kuondoka mkoani ingieni ofisi ya ustawi wa jamii, mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Msamaha wa matibabu upo, unaombwa, na unaombwa mapema. Watu wanasubiri mpaka deni limefika shingoni ndo wanakumbuka ustawi, hapo kila mtu anakuwa mkali.

Nesi, bibi amekataa kukatwa kinyama, anasema kijijini kwetu wote waliochokonolewa kansa ilisambaa wakafa. Ni kweli? – Mjukuu, Maswa

Sio kweli, ila msimcheke bibi, ameona alichokiona. Watu wa zamani walikuwa wanaenda hospitali uvimbe ukiwa umeshapasuka na kansa imeshafika kwenye mapafu au ini, wanakatwa kinyama, majibu yanachelewa au hayarudi kabisa, mgonjwa anafariki, na kitu cha mwisho ndugu walichokiona ni ile sindano. Kansa inasafiri yenyewe kupitia damu na tezi, hata usipoigusa. Muulize bibi angependa nani amwelezee, daktari au nesi mtu mzima mwenzake wa kike, alafu umuombe huyo mtu akae naye dakika kumi. Inasaidia kuliko vijana kumzonga.

Habari za kazi nesi. Mke wangu amekutwa na kansa ya shingo ya kizazi, wanasema hatua ya pili B, hawamfanyii operesheni, wamesema atapigwa mionzi mara 25 na kemo kila wiki Bugando. Sisi tuko Bukoba. Maswali yangu ni haya, kwanini hospitali ya mkoa isiwe na hiyo mashine jamani, kwanini wasimfanyie operesheni watoe kizazi yaishe, na watu wananiambia akirudi asimbebe mtoto wetu wa miaka 2 kwa sababu atakuwa na mionzi mwilini. – Baba Anitha (sio jina halisi)

Nzuri Baba Anitha, pole na mwambie mama Anitha asikate tamaa, hatua ya pili watu wanapona.

Nianze na mtoto manake hilo ndo linawatesa bure. Mionzi ya mashine inapita mwilini kama mwanga wa eksirei, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki. Ambebe mtoto, alale naye, amlishe. Kuna ile awamu nyingine ya mionzi ya ndani, wanaingiza vifaa ukeni na mashine inatuma punje ya mionzi iingie humo, ikimaliza dakika zake inarudi kwenye mashine na vifaa vinatolewa, na hapo pia hatoki na kitu. Kwaiyo huyo anayewaambia asiguse mtoto mwambie anyamaze.

Operesheni: hatua ya pili B maana yake kansa imeshatoka kwenye shingo ya kizazi imeingia kwenye nyama za pembeni. Daktari akikata atatoa kizazi lakini ataacha kansa pembeni, alafu mionzi itahitajika vilevile, kwa mtu ambaye sasa ana kidonda. Mionzi na kemo pamoja ndo tiba yenyewe hapo, wala hawakumnyima kitu.

Na hiyo mashine, natamani nikwambie kila mkoa utapata lakini chumba chake peke yake ni kasheshe, kuta za zege zaidi ya mita moja ili mionzi isitoke kwa majirani, umeme wa uhakika, alafu anatakiwa mtaalamu wa fizikia ya tiba wa kupiga hesabu ya dozi, mafundi wa kupanga mgonjwa, daktari wa mionzi, na hao watu nchini ni wachache. Mashine zenye kobalti nazo chanzo chake kinachoka, kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu inabaki nusu, mgonjwa analala mezani muda mrefu zaidi mpaka kibadilishwe. Kitu ambacho mkoa unaweza kufanya, na ndo mnatakiwa mudai, ni vipimo vya damu katikati ya matibabu, kuongeza damu, kutibu maambukizi, na kumfuatilia akirudi.

Mionzi 25 ni jumatatu mpaka ijumaa, yaani wiki tano, ukiongeza ile ya ndani yote inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Hapo ndo wanaume mnapochemka, mnaona mwezi mzima Mwanza ni hela nyingi, mnamrudisha nyumbani katikati mkavune kahawa kwanza. Usifanye hivyo, kuruka siku kunampa kansa nafasi ya kujijenga na kuja kuifidia baadaye sio rahisi. Tafuteni ndugu Mwanza, msikiti, kanisa, chumba cha kupanga cha mwezi, na muulize ustawi wa pale kama kuna sehemu ya wagonjwa wa mbali kulala. Siku hizi kwa basi daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa toka Juni 2025, ile ya kuganda kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa anatapika imeisha, wengine wanapenda meli ya usiku kwa sababu mgonjwa anajinyoosha.

Watamchora alama za wino kwenye nyonga, hizo zinaielekeza mashine, asizisugue na dodoki hata kama anaona aibu, anaoga kwa maji na mkono tu. Asijipake mafuta ya mgando kabla ya kupigwa. Kuharisha na mkojo kuuma kunakuja kuanzia kama wiki ya pili au ya tatu, aseme, kuna dawa. Kemo ya kila wiki ni sisplatini na inabana figo ndo maana kila mara wanataka damu na wanamwekea maji mengi kwanza, msione wanapoteza muda. Damu yake ikishuka wataomba ndugu wachangie, kwaiyo ongeeni na vijana kabisa.

Na moja hukuuliza ila ntakujibu kwa sababu hakuna mtu atakayekwambia. Baada ya mionzi uke unakuwa mkavu na unaweza kusinyaa, na hedhi inakata hata kama ni kijana. Kuna mambo ya kufanya kuzuia usinyae, yanaelezwa kliniki lakini mpaka muulize. Uliza wewe, usimwachie yeye.

Dada mama yangu alipigwa kemo Bugando siku 9 zilizopita tukarudi Musoma. Juzi usiku akaanza kutetemeka homa 38.5 tukampa mseto na panadol kutoka duka la dawa, ikashuka, ikapanda tena. Tulipompeleka hospitali tuliambiwa tupange foleni kama wengine, tukakaa masaa. Kliniki yake ni wiki ijayo, tungeweza kusubiri? – Mtoto wa kwanza

HAPANA. Na natumaini mpaka unasoma hapa ameshatibiwa, nawaandikia na wengine wote ambao wana mtu kwenye kemo.

Kemo inaua seli za kansa na inashusha pia askari weupe wa damu, na wanakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi. Siku 9 ndo katikati kabisa hapo. Mtu asiye na askari akipata homa ya 38 au zaidi ni dharura, anaweza kuondoka ndani ya siku moja, na hana usaha wala kikohozi cha kukuonyesha tatizo liko wapi kwa sababu wanaotengeneza usaha ni hao hao askari. Anahitaji antibayotiki za mshipa ndani ya saa moja ya kufika. Sio lazima Bugando, hospitali ya mkoa wanazo hizo dawa na wanapima fulu blad pikcha, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, usiku kucha. Malaria wapime pia, tuko kanda ya ziwa, ila wakipata malaria wasiishie hapo.

Mkifika getini msiseme ana homa, kila mtu pale ana homa. Sema HUYU YUKO KWENYE KEMO, alipigwa tarehe fulani, na muonyeshe kadi yenye majina ya dawa. Mtu wa mapokezi akikwambia kaa kwenye benchi, muombe nesi wa zamu wa dharura, akikataa muulize daktari wa zamu yuko chumba gani ukaingie. Sio utovu wa nidhamu. Nunueni kipimajoto, na panadol msimpe kabla ya kupima manake inaficha homa, mnajidanganya imeshuka.

Baba yetu mzee ana kansa ya koo la chakula, sasa hapitishi hata uji mzito. Hospitali ya mkoa wamempa chupa ya mofini ya maji. Kaka anasema ndo wameshamkatia tamaa na pia atakuwa teja. Tumeificha. – Wa mwisho, Bariadi

Itoeni mlipoificha leo, mzee anaumia nyie mnajadili. Mofini wanapewa hata watu ambao bado wako kwenye matibabu na wanaoenda kupona, inaandikwa kwa sababu ya maumivu, haisemi chochote kuhusu siku zake. Uteja ni nadra sana kwa mtu anayepewa kwa maumivu ya kansa kwa kipimo cha daktari. Ila inataka saa: ni kila baada ya masaa manne, mpeni hata kama hajalalamika, msisubiri maumivu yarudi ndo mkimbilie chupa, na ulizeni dozi ya kulala nayo ili asiamshwe usiku. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, itaisha. Choo kitafunga, hicho ndo kero yake, na dawa ya kulainisha choo inatakiwa itolewe pamoja na mofini, kama hawakuwapa rudini mkaidai. Chupa iwe mbali na watoto, na kila mtu anywe dawa yake, jirani mwenye mgongo asionjeshwe.

Alafu hilo la kumeza: muulizeni daktari kuhusu mrija unaowekwa kwenye koo ili njia ifunguke, unaitwa stenti, mkoani pengine hawana ila Bugando mtapewa jibu la uhakika. Mzee akipitisha uji na maziwa anapata nguvu na maneno yanarudi nyumbani.

Nesi mtoto wa dada ana miaka 6, taya limevimba upande mmoja na meno yanacheza, wanasema ni jino limeoza, wametoa jino bado linavimba kwa kasi. – Anti, Geita

Asikae hata wiki. Watoto wa huku kwetu kwenye malaria nyingi wanaweza kupata kansa moja inaitwa Bakiti, inapenda taya na tumbo, inakua kwa siku sio kwa miezi. Habari njema ni kwamba inayeyuka kwa kemo kuliko karibu kansa zote, watoto wengi wanapona wakiwahi. Nendeni mkoani, wakate kinyama, na muombe rufaa siku hiyo hiyo. Jicho nalo, mtoto akipigwa picha na flashi jicho moja likatokea jeupe kama la paka, inaweza kuwa kansa ya jicho, ni safari hiyo hiyo.

Dada nimesikia kuna kupima kansa ya kizazi bure, inauma? Mi nina miaka 34 na naishi na virusi vya ukimwi. Na mwanangu wa kike ana miaka 11. – Mama Tarime

Haiumi, inaudhi tu kidogo, ni kama dakika kumi. Unapandishwa kitandani, wanaweka kile kifaa cha kufungulia, wanapaka siki ya hospitali kwenye shingo ya kizazi, wanasubiri dakika moja, wakiona kimegeuka cheupe ni dalili ya mabadiliko ambayo bado sio kansa, na mara nyingi wanayaunguza au kuyagandisha siku hiyo hiyo hapo hapo, unaenda zako. Kwa kuwa unaishi na virusi wewe unatakiwa urudie mara nyingi kuliko wengine, kliniki yako ya CTC, pale unapochukulia dawa za ARV, waulize siku gani nesi wa kipimo yupo, sehemu nyingi ni jengo hilo hilo au la jirani la mama na mtoto, hata vituo vya afya wanapima. Kama uko kwenye hedhi subiri iishe.

Binti wa miaka 11 apelekwe chanjo ya HPV, ile ya kukinga kansa ya shingo ya kizazi. Ilianza kwa mabinti wa miaka 14 mwaka 2018, na toka 2024 wanachanja miaka 9 mpaka 14 kwa dozi moja. Shuleni wanapita, asipopata shuleni kituo cha afya wanayo, ila kama naye anaishi na virusi waambie manake dozi moja kwake haitoshi. Wewe nenda jumatatu na kadi yako ya CTC, na wakimaliza waombe waandike tarehe na majibu humo humo kwenye kadi.